Sogongera Kwanza

Watu wakisimulia safari zao za nje huanza na ndege. Mimi nchi yangu ya nje niliiona kutoka uani kwangu Kamembe nikianika nguo: Bukavu, ng'ambo ya maji, rasi zake tano zimeingia ziwani na nyumba za Wabelgiji zimekaa juu yake. Upepo ukija kwetu nilisikia kengele ya kanisa lao kuu. Siku nyingine nilisikia risasi. Niliendelea kuanika, maana ukiacha kazi kila inapolia risasi ya Bukavu utavaa nguo mbichi maisha yako yote.

Nilizaliwa huko. Wazazi wangu waliikimbia Rwanda kabla sijafikiriwa, wakatulea Bukavu, na tuliporudi baada ya mauaji ya kimbari nilikuwa mwanamke mzima ninayeota kwa Kiswahili. Nyumba tuliyopewa Kamembe ilikuwa na choo kizuri cha shimo chenye sakafu ya saruji. Hatukukitumia. Kaka yangu alikifukia siku ya kwanza, akachimba kingine upande wa pili wa uwanja, na hakuna aliyemuuliza alikuwa ameona nini ndani ya kile cha kwanza. Majirani walitusalimu vizuri. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake mikono.

Kwa hiyo nilihitaji mahali pa kupumua, na mahali hapo palikuwa ng'ambo. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, nilibeba maharage ya Gashonga, nikapanga foleni pale mpakani kwenye mto, Rusizi ya Pili, na jeto mkononi, yaani kile kikaratasi cha kuvukia cha siku moja, nikavuka daraja kwenda kwa rafiki yangu. Nilikuwa natalii. Cheka ukitaka. Nilikuwa mtalii wa mji niliozaliwa, na niliufurahia kuliko nilivyoufurahia nilipokuwa nikiishi ndani yake.

Rafiki yangu ni Mushi, mmoja wa Bashi, wenyeji wa Bukavu, na tulikaa benchi moja tangu darasa la kwanza. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa bonde, na kazi yake ilikuwa chokoleti. Alijifunza kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa na duka la keki mjini. Siku askari walipoupora mji mara ya kwanza, mzungu aliondoka na sanduku moja, na rafiki yangu akatokea mlango wa nyuma na sufuria mbili, mwiko, na kalibu za bati za kumwagia chokoleti. Tangu hapo alipika nyumbani, juu ya jiko la makaa. Kakao ilitoka kaskazini, upande wa Beni, ikipita vizuizi vya kila mwenye bunduki. "Hii shokola iko na damu kuliko nyama ya soko," alikuwa akisema, kisha anaivunja kwa nyundo juu ya ubao na kunipa kipande cha kwanza. Ilikuwa chungu, sukari yake haijayeyuka vizuri, na ilikaa kwenye meno mpaka jioni. Sijala tamu kama ile.

Na bia. Bia ya Bukavu hutengenezwa karibu na maji, na sisi wa Kamembe tuliokulia huko tunaapa kwamba hakuna bia ya Rwanda inayoifikia. Lakini bia ndiyo iliyotugombanisha siku ya kwanza kabisa nilipokwenda kumtembelea. Alitoka jikoni na chupa mbili zimeshafunguliwa, povu linateremka shingoni, akaweka yangu mbele yangu. Sikuigusa. Nyumbani kwetu, hata katika umaskini wa ukimbizi, kinywaji cha mgeni kilifunguliwa mbele ya macho yake, na mwenye nyumba alipiga funda la kwanza ili mgeni aone kwamba hafi. Jambo hilo lina jina lake kwa Kinyarwanda: gusogongera. Na miaka ile halikuwa adabu tu. Watu wa pande zote mbili za mto waliogopa sumu kuliko risasi, kwa sababu risasi angalau unaisikia. Kila aliyeumwa tumbo Kamembe aliulizwa kwanza alikuwa amekunywa kwa nani Bukavu.

Rafiki yangu aliitazama chupa, akanitazama mimi.

"Unaniogopa? Miye?"

"Sikuogope. Ni vile tumezoea."

"Tumezoea banani? Tulikulaka sahani moja, weye na miye, mupaka ukapata minyoo yangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Alinyakua ile chupa akainywa yote amesimama, akaenda kuleta nyingine, akaifungua kwa meno mbele ya pua yangu na kutema kifuniko mapajani mwangu. "Sogongera!" akasema, akapiga funda, akanipa. Bashi nao huonja pombe yao ya ndizi, kasigisi, kabla ya kumpa mgeni, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Kilichomuuma ni chupa. Mjini walishaanza kusema kwamba ni Munyarwanda tu anayeng'ang'ania kuona kifuniko cha chupa kikiruka. Tangu siku hiyo, kila nilipofika, ilikuwa meno, kifuniko, "Sogongera!" na kicheko. Ukawa mchezo wetu, na nilimpenda zaidi kwa sababu yake.

Baada ya bia tulitembea. Alinitembeza mjini kana kwamba sikuzaliwa pale, na kweli nilihitaji, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imeongezewa historia. Nyumba za Wabelgiji zina pembe za mviringo na madirisha ya duara kama ya meli, na wazungu wachache waliobaki walikuwa bado wanazipiga picha. Rafiki yangu alizisoma kwa namna nyingine. Hapa aliishi bwana shamba aliyewachapa watu viboko hadi wanajiharishia. Hapa, kwenye ngazi hizi, wakimbizi walilala wakafa kwa kipindupindu na kubebwa kwa mkokoteni wa taka. Matundu haya ukutani ni ya vita ya kwanza, haya ya chini ni ya vita ya pili, unaona yalivyo karibu na ardhi? Waliwalaza kwanza. Mmoja wa waliolazwa alikuwa kaka yake mkubwa.

"Basoda ba kwenu," alisema siku aliponionyesha. Hakupandisha sauti.

"Miye sina basoda," nilijibu. "Niko na maharage tu."

Hakucheka, na mimi nilitembea mbele yake hadi nyumbani nikiwa nimevimba kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Askari wale walitoka kwetu, walipita darajani pale ninapopita mimi, na wengine wao nilikuwa nawafahamu kwa sura. Siku ile sikuomba msamaha. Niliomba kipande kingine cha chokoleti, akanipa.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Sindano. Alikuwa muuguzi wa zamani, amestaafu, mjane. Alitoka Rwanda kijana pamoja na kizazi cha wazazi wangu, na sisi sote tuliporudi yeye alikataa, akasema mke wake amelala Bukavu na hawezi kumwacha alale peke yake. Binti yake mmoja tu alirudi, akaolewa Nzahaha. Mzee alizungumza Mashi vizuri kuliko Bashi wenyewe, na vijana wengi walidhani ni Mushi wa Ngweshe. Wazee waliojua hawakusema. Mtu aliyekuchomea mtoto wako sindano ya surua akapona, humwulizi babu yake alizikwa wapi. Kila nilipovuka nilimpelekea kibakuli cha maharage, na alikuwa akiyanusa kabla ya kuyapika.

Basi ilikuwa mwaka wa kumi tangu turudi. Vita vilishatangazwa kuwa vimekwisha, wakubwa walishagawana viti Kinshasa, lakini Bukavu kulikuwa na askari wa makundi mawili katika mji mmoja, na kila kundi lilikuwa likingoja lingine likohoe. Dada yangu aliniambia nisivuke wiki ile. Nilimwambia aache kunitisha kama mtoto. Nilivuka kwa ukaidi, nataka hilo lijulikane. Hakuna aliyenisukuma.

Nilifika saa tatu asubuhi, nikampelekea mzee maharage yake, nikarudi kwa rafiki yangu. Sufuria ya chokoleti ilikuwa jikoni, inachemka polepole. Hatukuwahi kufungua bia. Kabla ya saa nne risasi zilianza upande wa kambi, kwanza moja moja, halafu kwa mfululizo, halafu kitu kizito kilichofanya mabati yaruke. Tulilala chini ya meza. Vumbi la dari lilidondoka ndani ya chokoleti, na rafiki yangu alilaani hilo kuliko bunduki zenyewe.

Risasi zilipopungua ilikuwa adhuhuri, na hapo ndipo tulipoanza kusikia miguu. Redio ya jirani ilikuwa ikisema Banyarwanda wameuvamia mji. Mtu alipita barabarani akipiga kelele kwamba wako ndani ya nyumba, wamefichwa, watafutwe. Rafiki yangu alinigeukia.

"Jeto yako iko wapi?"

Nilimpa. Ilikuwa na jina langu, Kamembe, na muhuri wa Rwanda. Aliitumbukiza ndani ya chokoleti, akaikandamiza chini kwa mwiko.

"Weye ni mudogo wangu," aliniambia. "Unatoka Walungu. Mume amekufukuza. Usiseme mingi."

Waliingia wanaume wanane. Mmoja alikuwa na bunduki na koti la jeshi bila shati ndani. Wengine walikuwa na mapanga na nondo, na panga la mmoja lilikuwa limelowa hadi kwenye mpini. Wawili walibeba kreti la bia. Walikuwa wamelipora kwenye baa moja huko chini. Mkubwa wao alikuwa mwanamume wa makamo, amenyoa vizuri, na kifungulio cha chupa kilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Hawakuwa watu wa mtaa ule. Hilo lilikuwa balaa na bahati kwa pamoja.

"Iko nani uyu?" alimuuliza rafiki yangu.

"Mudogo wangu. Wa Walungu."

Alinisalimu kwa Mashi. Nilimjibu, Mashi ya sokoni ninayo, na sura yangu ilinisaidia, maana mimi ni mfupi na mnene na sikufanana na picha waliyokuwa nayo kichwani. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka.

"Luga muntu anajifunzaka," alisema. "Woga ya tumbo, apana. Kule chini mama moja alijua Mashi kuliko miye. Tukamupa bia. Akatuuliza nani ameifungua." Wenzake walicheka. "Sasa analala mu mufereji."

Alichukua chupa kwenye kreti, akatoka nayo. Nilisikia kifuniko kikitoka huko nyuma ya mlango, pasipo macho yangu. Alikaa huko kidogo, makusudi, halafu akarudi na chupa ina povu, akanipa.

"Kunywa, mama."

Nataka nieleze kitu kimoja ambacho wengi hawakiamini. Mbele yangu kulikuwa na panga lenye damu ya mwanamke mwenzangu, na nilichokiogopa kwa sekunde ile kilikuwa ile chupa. Mkono wenyewe ulikataa. Kitu alichokifunza mama yangu ndani ya mifupa yangu kilisema: hukuona ikifunguliwa. Nikamwona rafiki yangu pembeni ya jicho, ameshika mwiko, midomo imekauka. Nikainua chupa, nikanywa. Nilikunywa bila kupumua, kama mtu mwenye kiu ya siku nzima, na bia ikanimwagikia kifuani. Sikusikia ladha yoyote. Nilipoishusha ilikuwa imebaki nusu.

"Uyu ni wetu," alisema yule mtu, na mwenye panga lililolowa akanipiga bega kirafiki. Alama ya vidole vyake ilibaki kwenye blauzi.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu, Mungu anisamehe.

"Ule mzee wa nyumba ya pili," mkubwa akasema. "Bamoja banasema ni wa Ngweshe, bamoja banasema apana. Mupelekee iyi. Mwanamuke akileta, muntu anakunywaka bila kuwaza."

"Leta, miye nitamupelekea," rafiki yangu akasema haraka, akanyoosha mkono. Alikuwa anamjua mzee, na nadhani alikuwa na mpango wake. Mwenye bunduki alimsogelea. Alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Ni sauti ndogo, kama mtu anayetafuna mchanga. Alianguka juu ya jiko, sufuria ikapinduka, chokoleti ikamwagika juu ya makaa na nyumba yote ikajaa moshi wenye harufu tamu. Mimi nilishika chupa, nikatoka.

Kutoka mlango ule hadi ukumbi wa mzee ni hatua ishirini, labda ishirini na tano. Walinifuata. Wengine walibaki kwenye lango lake, mkubwa wao akasimama karibu zaidi, mgongoni kwangu, nikisikia pumzi yake. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao na ungo mapajani, anachambua maharage niliyomletea asubuhi. Risasi zilikuwa zimelia saa mbili nzima na mtu huyu alikuwa anachambua maharage. Nilimkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia kwa kuwa pale, kwa kutokukimbia, kwa kutokurudi Rwanda na sisi wengine miaka kumi iliyopita.

"Mzee," nikasema, "banakukaribisha. Kunywa."

Niliweka katika neno hilo, kunywa, kila nilichoweza kukiweka. Nilimtolea macho. Kwa Kinyarwanda ningemwambia yote kwa maneno mawili, lakini maneno mawili hayo yangeniua.

Aliweka ungo chini taratibu. Aliwatazama wale watu langoni, akanitazama mimi, na alinijua vizuri sana. Alimchoma mama yangu sindano wakati wa mimba yangu. Aliipokea chupa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha akanirudishia, kwa upole, na kusema kwa Kiswahili chake kizuri cha Bukavu:

"Aksanti, mwana wangu. Sogongera kwanza."

Sijui alisema hivyo kwa nini. Nimeligeuza jambo hilo miaka yote hii. Labda lilimtoka tu, jinsi pole inavyokutoka mtu akijikwaa. Labda aliogopa sumu. Au labda alikuwa ameshaelewa kila kitu, na alikuwa ananiomba: piga funda moja wewe, mtoto wa kwetu, ili na mimi niweze.

"Amesema nini?" aliuliza yule mtu nyuma yangu.

Niliitazama ile chupa.

"Mama. Amesema nini?"

Wanaosema mambo kama haya hutokea ghafla, kwamba mtu hapati nafasi ya kufikiri, wanadanganya au hawakuwepo. Mimi nilikuwa na nafasi. Niliona wazi kabisa, wakati uleule na si baadaye kitandani, kwamba ningeweza kucheka na kusema: mzee anataka tukunywe pamoja. Ningepiga funda, ningempa, angekunywa. Angekunywa mpaka chini. Ni jambo ambalo kila mtu hufanya kwenye kila baa. Lakini niliona pia kwamba yule mtu huenda anaijua maana ya lile neno, na anauliza ili aone kama mimi ninaijua. Na kama ninaijua, Walungu yangu imekwisha.

"Sijue," nikasema. "Sijue iyi luga."

Mzee alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeuliza njia akaambiwa hakuna njia. Nadhani alitaka kufungua mdomo tena, lakini mkubwa alinipita, akaichukua ile chupa mikononi mwangu, akaiweka kando juu ya ukuta wa ukumbi, wima, kwa uangalifu, ili isimwagike. Halafu akawaita wenzake.

Walianza na nondo, kwenye magoti, kwa hiyo alianguka mbele, juu ya ungo. Mwenye panga alimkata shingo mara ya kwanza vibaya, mara ya pili begani, na mzee alikuwa akisema "Baba, Baba," na sikujua anamwita nani. Mara ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha. Waliendelea hata hivyo. Watu wakianza huwa hawajui pa kuachia. Mmoja wao, kijana wa miaka kama ishirini na minne, alikuwa na alama ya chanjo kwenye mkono wa kushoto, ile ya zamani iliyovimba, na kila alipoinua panga niliiona. Huenda ilichomwa mahali pengine kabisa. Maharage yalitawanyika yakawa mekundu, na mengine yalikuwa mekundu tangu mwanzo, maana maharage ya Gashonga yana rangi hiyo.

Walipomaliza, mkubwa alichukua chupa pale ukutani, akapangusa mdomo wake kwa kiganja, akaimalizia, akaitupa.

Nilikaa kwa rafiki yangu siku mbili, chini ya magunia ya kakao. Hakuweza kusema kwa sababu ya mdomo. Usiku ule wa kwanza alikuja tu akalala juu ya magunia yaleyale, mgongo wake juu ya mgongo wangu. Majirani walimzika mzee nyuma ya nyumba yake, Bashi wote, wakiwa wamefunga milango ya mbele ili wapitao wasione. Siku ya tatu nilivuka daraja katikati ya mamia ya watu waliokimbia na magodoro kichwani, na hakuna aliyenidai jeto. Askari wa upande wetu aliniuliza kama nimejeruhiwa. Nilimwambia hapana. Alinionyesha bega langu.

Mji ulipotulia rafiki yangu alitengenezewa meno ya mbele, akaendelea na chokoleti. Alinitumia ujumbe kwa wanawake wanaovuka na mboga: njoo. Nilikwenda, hatimaye. Mara moja alinishika kichwa kwa mikono yote miwili na kuniambia nilifanya vile muntu anafanyaka, na kwamba yeye naye angefanya vile. Anasema hivyo kwa kunipenda. Yeye alinyoosha mkono apewe chupa, mimi nilimwona.

Lakini kulikuwa na yule binti wa mzee, aliyeolewa Nzahaha. Alijua kwamba nilikuwa mtaani siku ile, watu walimwambia. Alituma salamu mara mbili kwamba angependa kuniona, na mara mbili nilijifanya mgonjwa. Niliogopa kwamba angenishukuru kwa kuwa karibu na baba yake, nami ningekubali shukrani. Mara ya tatu nilichukua moto, yaani pikipiki ya abiria, hapo Kamembe, nikaenda.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Ni mwanamke wa umri wangu, ana mikono ya baba yake, vidole virefu vya kushika vitu vidogo. Alinipa kigoda. Aliendelea kumenya. Nikamwambia. Nilikuwa nimejitayarisha kumpa nusu, kama wafanyavyo watu: kwamba hakuteseka, kwamba ilikuwa haraka. Lakini nilipoanza nikashindwa kusimama, nikamwambia yote, kreti na kifungulio na hatua ishirini, nikamwambia baba yake alisema nini na mimi nilisema nini. Nilimwambia kwamba niliogopa. Nilimwambia kwamba mpaka leo, nikikumbuka, ninachokisikia kwanza ni furaha ya kuwa hai, na aibu inakuja ya pili.

Alikuwa amesimamisha kisu. Kuku walipita katikati yetu.

"Weye ulikunywa kiasi gani, mbele ya kumupelekea?" aliniuliza.

"Nusu ya chupa."

"Na nusu ikabakia."

"Ndiyo."

Alichukua muhogo mwingine kwenye kikapu, akaupasua ganda kwa urefu.

"Basi ilikuwa inabatosha babili," alisema.